Miti Ndani ya Sashe

9 Septemba

Mvua ya kwanza. Haikudumu hata muda wa kuchemsha viazi, lakini imetosha kuteremsha udongo wa shamba letu hadi njiani. Nimeandika "shamba letu" kwa mazoea mabaya. Ni shamba la Papa Marcellin, mwenye mlima huu wote, anayewaazima wakimbizi vipande vyake. Mimi, mwalimu wa zamani, na mke wangu Drocella, tuliokimbia vita huko Pinga mwaka wa 2012, tunalilima kwa hisani yake, na kila mavuno tunampelekea kikapu cha kwanza cha maharage na kuku mmoja. Kwa masharti hayo tunakula. Nje ya shamba hili hatuna kitu kingine chochote juu ya milima hii ya Ngungu.

12 Septemba

Mpini wa jembe umevunjika. Siku imepotea.

14 Septemba

Mradi umefika. Agronomu wao, yaani bwana shamba, ni kijana wa Goma, jina lake Esdras, ana pikipiki na koti la mvua lenye nembo ya wafadhili mgongoni. Alitukusanya uwanjani pa kanisa, sisi wakimbizi pamoja na wenyeji, akatuambia kwamba hali ya hewa imebadilika na kwamba tangu leo tutalima kilimo chenye akili. Akarudia neno hilo kama mtu anayegawa pipi. Baba yangu alichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko chini ya kiboko cha Mbelgiji, mitaro ileile iliyochorwa leo kwenye karatasi ya Esdras, na hakuna aliyemwambia kwamba ana akili.

Mpango wenyewe ni huu: kila familia itapewa mbegu ya maharage yanayopanda juu ya vijiti, aina inayovumilia mvua nyingi. Lakini kwanza ipande miti thelathini ya grevilea shambani. Bila miti, hakuna mbegu.

Jirani yetu Godelieve, mjane aliyekimbia kama sisi, aliinua mkono.

"Agronomu, na wenye hawana udongo?"

"Mama, udongo iko ya Mungu."

Watu walicheka sana. Esdras akacheka nao, akidhani wamefurahi.

15 Septemba

Papa Marcellin alifika asubuhi, akakataa kiti. Hilo peke yake lilitosha kunieleza alichokuja kusema.

"Mwalimu, nasikia proje inawapa miti."

"Inatupa mbegu. Miti njo inakuya na mbegu."

"Maharagi, panda. Viazi, panda. Muti, hapana. Baba yangu alikopesha mutu mulima. Ule mutu akapanda kalitusi. Siku ya kukata maneno mbele ya chefu ya kijiji, yeye akaonyesha miti, baba yangu akaonyesha mikono mitupu. Nani alishinda?"

"Miti."

"Njo vile. Nikiona muti moja imeshika mizizi kwangu, munatoka."

Akaondoka bila kuaga. Nilimchukia, lakini siwezi kusema amekosea kueleza sheria. Katika milima hii kinachoishi msimu mmoja ni cha anayelima, na kinachobaki ardhini ni cha mwenye ardhi. Anayepanda mti anatangaza kwamba hapa ni kwake. Kila mtoto wa hapa anajua hivyo. Waliotunga mradi huko waliko hawakumwuliza mtoto yeyote.

18 Septemba

Mbegu yetu wenyewe hatuna. Maharage ya msimu uliopita yaliozea kwenye maganda kwa mvua, na machache yaliyosalia tuliyala. Mradi unasema tupande miti, Marcellin anasema tusithubutu, na mvua haimsubiri yeyote kati yao. Nilimwambia Drocella tukatae vyote viwili kwa heshima.

"Heshima inapikwa na maji ngapi?" akaniuliza.



21 Septemba

Wanawake wamepata njia, huko kwenye chemchemi, na nasikia aliyeianzisha ni Godelieve. Kila mche unakuja ndani ya sashe, mfuko mdogo mweusi wa plastiki wenye udongo. Agronomu anafundisha kupasua sashe kabla ya kupanda. Wao wanasema tusipasue. Tuchimbe shimo, tuweke mti pamoja na sashe yake, tufunike mdomo wa mfuko kwa udongo. Kwa juu utaonekana umepandwa. Chini mizizi imefungwa. Ukiisha kuhesabiwa, unang'olewa kwa vidole viwili.

Drocella alipeleka shauri hilo kwa Mama Constance, mke wa Marcellin, na jioni Marcellin mwenyewe akaja shambani kwetu. Drocella akaweka mti mmoja ardhini mbele yake. Mzee akainama, akauvuta, ukatoka na sashe yake kama jino bovu. Miaka yote tuliyomfahamu sikuwahi kumwona akicheka hivyo.

"Muti yenye iko mu sashe haiko muti. Iko mugeni."

Akaweka sharti moja. Kabla ya mavuno kila mtu ang'oe miti yake, yeye akitazama.

Wote wamefurahi. Mimi ujanja huu umenichefua, na nimekuwa peke yangu katika hilo.

24 Septemba

Esdras alihesabu, akatoa mbegu. Alituambia tumeonyesha mfano kwa mlima mzima. Godelieve alijibu amina kwa sauti kubwa kuliko kanisani.

3 Oktoba

Mvua.

4 Oktoba

Mvua.

5 Oktoba

Mvua. Mitaro imejaa. Maharage yameota vizuri, hilo siwezi kuwanyima. Mbegu ni nzuri.

11 Oktoba

Nilisimama njiani baada ya mvua na kutazama mlima ukishuka. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Miti mitatu kati ya miti yetu ilikuwa imelala chini, sashe nje, kama walevi. Drocella alizunguka akiisimamisha mmoja mmoja na kuifunika miguu.

Nilimwambia kwamba Pinga nilipanda michikichi na kuisubiri miaka minne kabla ya kuona tunda la kwanza, na kwamba sikuiona miaka hiyo kuwa mirefu.

"Michikichi ya Pinga inakuliwa na bengine sasa. Leta vijiti, Muzee."

Nikampa vijiti. Amekuwa na ulimi mkali tangu zamani, lakini zamani alikuwa anautumia kwa watu wa nje.

19 Oktoba

Mvua ya mawe ilianza tukiwa shambani. Kila mtu alikimbilia kanisani. Nilibaki, kwanza kwa sababu magoti yangu hayakimbii, kisha kwa sababu nyingine.

Mstari wa juu kabisa wa miti yetu, pale shamba linapoinamia njia, una miti mitano. Niliung'oa wa kwanza. Kupitia plastiki niliona mizizi imekwisha kufika ukingoni na kuanza kujizungusha, mizunguko juu ya mizunguko, kama kamba ya mbuzi aliyefungwa asubuhi akasahauliwa hadi jioni. Sikuwa na kisu. Nilipasua sashe kwa meno. Nikaurudisha mti shimoni, nikakanyaga udongo. Kisha wa pili. Nilipofika wa tano mvua ya mawe ilikuwa imekwisha na mdomo wangu umejaa tope.

Ningependa kuandika kwamba nilifanya hivyo kwa ajili ya udongo. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba mzizi unashika mlima kuliko mtaro. Lakini sikufikiria udongo. Nilifikiria tu kwamba tangu 2012 sijaweka ardhini kitu ambacho kitakuwapo mwaka unaofuata. Nilimfikiria pia Marcellin akicheka pale shambani, na neno lake, mugeni.

Zile sashe tano nilizitia mfukoni na kuzitupa chooni. Drocella hajui.

2 Novemba

Milio ya bunduki upande wa magharibi tangu alfajiri. Barabara imefungwa, soko hakuna.

3 Novemba

Hivyohivyo.

6 Novemba

Barabara imefunguliwa. Chumvi imepanda bei.

16 Novemba

Miti ya mlima mzima imekuwa ya njano. Inakaa palepale ilipowekwa, haifi, haikui. Yetu mitano ya juu imeongezeka kiganja kizima na majani yake yanang'aa.

"Hii ya juu iko na nguvu," Drocella alisema leo, akiwa ameshika kiuno.

"Maji njo inapitia pale," nilimjibu.

Akaitazama miti, akanitazama mimi. Kisha akarudi kwenye palizi. Nadhani hakuniamini, na nadhani hakutaka kujua.

4 Desemba

Wageni wa mradi wamekuja, magari mawili, wafadhili na watu wao. Tulipangwa njiani kuimba. Nilikataa kuimba, nikasema kifua kinaniuma.

Mgeni mkuu alikuwa mama wa Kizungu mwenye viatu vya mpira vipya. Alipita shamba baada ya shamba, Esdras mbele yake akieleza kwa Kifaransa kizuri. Kwenye shamba la Godelieve mvua ilikuwa imefichua mdomo wa sashe moja, weusi wake wazi kabisa. Nilimwona Esdras akiuona. Hakukatisha sentensi. Alisogeza kiatu chake, akaburuta tope juu ya plastiki, akaendelea kusema kuhusu kaboni.

Kumbe alijua. Pengine tangu siku ya kuhesabu. Nilikuwa nikimdharau kama mjinga, na leo ilinibidi nimdharau upya kwa sababu nyingine.

Walipofika kwetu yule mama aliniuliza, kupitia Esdras, miti imebadilisha nini katika maisha yangu.

"Imetuletea mbegu," nikasema.

Esdras alitafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema. Mama akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akaomba picha kwenye mstari wa juu, penye miti mizuri. Esdras alichuchumaa hapo kwanza, kana kwamba anapanga majani, akaingiza kidole udongoni kutafuta plastiki. Akatafuta kwenye mti wa pili. Kisha akainua macho na kunitazama.

Wageni walipokuwa wanapanda magari alinirudia.

"Mwalimu, hizi tano ulizifungua."

"Na weye ulijua zile zingine hazifunguliwe."

"Kontra yangu ya kazi inaisha mwezi wa tatu. Mie minahesabu miti. Sihesabu mizizi."

"Na hiyo njo akili yenye mulituletea?"

"Papa, mwenye shamba akijua, nani atalia? Mie ao weye?"

Akapanda pikipiki.  Hakuna anayenichukiza kama mtu anayenidanganya kazini na kuniambia ukweli faraghani.

25 Desemba

Misa. Marcellin alinipa mkono wa amani. Nikaupokea.

8 Januari

Leo ilikuwa siku ya kung'oa.

Marcellin alianzia chini ya mlima, fimbo mkononi, na sisi wote nyuma yake. Ilikuwa kama sherehe. Wakimbizi waling'oa miti yao mbele yake na kuitupa njiani, na kila sashe iliyotoka ilipigiwa makofi. Godelieve alivuta miwili kwa mkono mmoja.

"Mutazame vitunguu yangu!" akapiga kelele, na hata Mama Constance, aliyekuwa amebeba mtoto wa binti yake, akacheka hadi akaketi.

Nilikuwa nimejiambia tangu Oktoba kwamba siku hii nitakuwa na la kusema. Nilikuwa nimelipanga kichwani kama somo: mteremko, maji, mizizi, faida ya mwenye shamba mwenyewe. Tulipofika kwetu nilisimama nyuma ya wengine.

Drocella aling'oa mistari ya chini haraka, bila kunitazama. Akafika mstari wa juu. Akavuta mti wa kwanza kwa vidole viwili, kama ile mingine. Haukutoka. Akavuta kwa mkono. Akapanua miguu na kuvuta kwa mikono miwili, na majani yakabaki viganjani mwake.

Makofi yalikwisha. Marcellin akasogea, akamwondoa Drocella kwa upole, akavuta mwenyewe. Akajaribu wa pili. Akajaribu yote mitano. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mama Drocella, ulijua?"

"Hapana, Papa."

"Nani alifanya?"

Mke niliyeishi naye miaka arobaini na minne aliinua kidole na kunionyesha.

"Huyu."

Nikafungua mdomo kutoa somo langu. Kilichotoka ni hiki: "Mulima inatelemuka, Papa Marcellin. Miti njo itaishika."

"Mulima ya nani?"

Nikaonyesha mteremko kwa mkono.

"Mulima ya nani, Mwalimu?"

"Yako."

"Basi wacha iteremuke."

Akasema anachukua shamba lake na maharage yaliyomo, na kwamba atafikiria juu ya mashamba ya wale wengine wote, kwa sababu mtu mmoja akifungua sashe, wa kesho watafungua pia. Alisema hayo bila kupaza sauti. Walionipigia kelele walikuwa wakimbizi wenzangu.

"Tulikuwa tunakula kimya!" Godelieve alisema, karibu sana na uso wangu. "Kimya! Weye ulitaka nini? Ulitaka bakuandike jina?"

Drocella alikwisha kuondoka. Nilimwona mbali, akishuka na jembe begani, haharakishi.

9 Januari

Hakuna aliyenisalimu kwenye chemchemi. Nilirudi na ndoo nusu, kwa sababu walinipita wote kwenye foleni hadi jioni.

10 Januari

Drocella yuko kwa Mama Constance tangu asubuhi. Nimepika mwenyewe. Viazi vimeungua.

11 Januari

Tena yuko kwa Constance. Godelieve amekwenda naye. Kwa hiyo Godelieve, anayenitukana njiani, anamwombea mke wangu. Nilikuwa nimemwandika kama mama mwenye kelele tu. Nilikosea.

12 Januari

Drocella amerudi, amesimama mlangoni na kunisomea masharti bila kuingia ndani.

Shamba linabaki kwetu, kwa jina la Drocella peke yake. Mashamba ya wengine hayaguswi. Maharage tunavuna, na kikapu cha kwanza kitakuwa vikapu viwili. Miti mitano haikatwi, kwa sababu Marcellin amefikiri na kuona kwamba mti ulioshika udongo wake ni wake. Na mimi sikanyagi tena shambani, si kulima, si kuvuna, si kupita.

"Hata kufunga vijiti?" nikauliza.

"Hata kuangalia sana."

"Na weye ulikubali?"

"Ningekubali bakufukuze Ngungu yote. Constance njo alikataa."

Kisha akaingia, akavua viatu, akalala saa nane mchana. Hajawahi kulala mchana tangu nimjue.

20 Januari

Wanavuna. Nimekaa hapa mlangoni, nimewapa mgongo. Nasikia nyimbo. Jioni Drocella huniletea maganda, mimi nayapukuchua. Ni maharage mazito, mekundu. Siwezi kuwanyima hilo.

29 Januari

Nilipita njia ya juu kwenda kwa mshona viatu. Nilitazama kidogo. Mvua ya wiki hii imekula ukingo wa mlima kila mahali isipokuwa pale chini ya miti mitano, ambapo udongo umekaa. Si sana. Kipande cha ukubwa wa mkeka wa kulalia. Marcellin ameizungushia miba ili mbuzi wasiifikie.

Nilimchukia mtu huyu misimu mingi kwa kutuona wageni. Leo nilisimama njiani nikamwonea wivu kwa ile miba.

3 Februari

Esdras amekuja nyumbani, mara ya kwanza. Alikubali kiti.

Alisema ofisi yake inataka picha za miti iliyosalia, ili wafadhili waendelee na awamu ya pili. Amezunguka milima kuanzia Kirotshe hadi hapa. Kwa ofisi ameandika kwamba mvua iliua mingi. Iliyo hai kwenye mlima huu ni yetu mitano.

"Batasimamisha kibao pale, Mwalimu. Kibao ya chuma, na jina ya mukulima. Shamba ya mufano. Nilisema jina yako, juu weye njo ulipanda. Iko haki."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, nadhani. Pengine alitaka kulipa kitu. Nilikiona kibao kama kimekwisha kusimama: jina langu lote, Byamungu, kwa rangi nyeupe, kwenye ardhi, mahali ambapo mvua haitalifuta mwaka huu wala ujao.

Jikoni sauti ya mwiko ilikuwa imenyamaza.

Marcellin angekisoma kibao hicho siku hiyohiyo. Chefu wa kijiji naye angekisoma. Na Drocella angebeba jembe begani na kushuka, na safari hii asingekuwa na mlango wa kuomba.

"Andika Marcellin," nikamwambia.

"Lakini Papa, yeye alitaka kuing'oa!"

"Mulima iko yake. Miti iko yake. Andika vizuri, kwa herufi kubwa, asikuye kuniuliza kama iko yeye."

"Na weye tukuandike nini? Kwa rapore ya ofisi?"

"Musiniandike."

Akavaa kofia yake. Kisha akaaga, akaondoka kwa pikipiki, na mbwa wa jirani wakamfukuza hadi kwenye kona.

Drocella alileta sahani mbili za maharage mapya. Tangu tarehe 8 Januari amekuwa akila kwake na mimi kwangu. Leo aliketi. Alikuwa ametia chumvi mno, kama mtu aliyesahau mkono wake ndani ya chungu alipokuwa akisikiliza.

"Chumvi imezidi," nikasema.

"Kula," akasema.

Nikala.